Sketi ya Bwana Shamba

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Munanila, ndugu yangu, baada ya miaka mingi. Nilishuka kwenye gari asubuhi, baridi ikiwa bado imekaa mabondeni. Nikasikia harufu ya muhogo uliolowekwa, na papo hapo nikawa mtoto tena, nimesimama uani nikisubiri mlio wa pikipiki ya shangazi.

Shangazi ndiye aliyenilea, hapohapo Munanila. Alikuwa mtaalamu wa kilimo wa kata, na kwa kuwa watu hawakuwahi kumwona mwanamke kwenye kazi hiyo, walimwita Bwana Shamba vilevile. Mimi nilifuta tope kwenye buti zake na kuanika suruali yake ya kaki juu ya ua wa minyaa. Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage, akinisimulia migomba ya nani imeanza kunyauka. Alikuwa na sauti nzito na kicheko kilichofika kwa majirani.

Ila wazee hawakumpenda. Siku moja nilimfuata kwenye mkutano wa wakulima. Alikuwa anaeleza namna ya kung'oa migomba iliyougua kabla haijaambukiza mingine, ndipo mzee wa kanisa, jirani yetu, akasimama.

"Mwakeye," alimsalimia kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa upole kabisa. "Binti yetu, hatuna ugomvi na mafundisho yako. Lakini suruali hiyo mbele ya baba zako? Nenda ukavae vizuri, urudi tukusikilize."

Watu wakacheka. Wanaume wakainuka wakaondoka, na wake zao, ambao ndio waliolima hayo mashamba, wakawafuata. Shangazi akabaki na jembe mkononi.

"Si uwaambie ni ya pikipiki?" nilimuuliza njiani.

"Nimeshawaambia. Migomba inakufa, mwanangu. Nikikaa kugombania suruali, watalala njaa."

Akaenda kwa fundi cherehani sokoni, akashonewa sketi ya kitenge, pana, ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Na kweli walimsikiliza. Walimwita mama, wakang'oa migomba. Hata mimi nilijivunia kuona amependeza. Lakini yeye alianza kuongea taratibu, akiishika ile sketi kila upepo ulipopita, na kwenye pikipiki aliibana chini ya mapaja, akaendesha kwa woga, yeye ambaye hakuogopa kilima chochote.

Msimu wa mvua, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, pindo lilichomoka likaingia kwenye mnyororo. Wanawake waliotoka kuchota maji walimkuta pikipiki imemlalia na kitenge kimejisokota kwenye gurudumu. Walikikata kwa panga ndipo wakamtoa. Akapelekwa hospitali ya Kabanga. Maharage aliyoyaacha yakiwa na maua tuliyavuna yeye akiwa bado kitandani hospitalini. Goti halikukunjika tena.

Aliporudi nyumbani, mzee wa kanisa alikuja kumpa pole, mkewe nyuma yake na mkungu wa ndizi kichwani. Aliketi, akaomba, kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini Mungu ni shahidi, ulianguka ukiwa umevaa kwa heshima."

Shangazi alimshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alimshukuru, akanituma nimchemshie mgeni kahawa.

Hakupanda pikipiki tena. Walimhamishia Kasulu, kwenye stoo ambako wakulima wetu walifuata mbegu, akakaa humo mpaka alipostaafu. Alijibu alipoulizwa tu, kwa sauti ndogo hivi kwamba watu walimwomba arudie. Sasa yeye na yule mzee wote ni marehemu.

Pale Munanila nilimuuliza mama mmoja muuza karanga kama anamkumbuka Bwana Shamba. Alifikiri sana.

"Yule aliyekuwa anachechemea? Ah, alikuwa mpole yule. Hata kuongea alikuwa anaona haya."

Nikamwambia ndiye huyo. Nilitaka kuendelea, nikaona sina pa kuanzia. Nikanunua karanga zake, nikarudi kwenye gari.