Onyo Lililokatwa Kiuno

Ofisini walimwita Mama Mstari, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kukagua miongozo ya mashine za kusaga nafaka kabla haijaenda kwa mchapaji, na bila saini yake hakuna kitabu kilichotoka. Miongozo hiyo iliandikwa kwenye kompyuta, maneno yakizungushiwa alama za aina mbili. Kuna alama za kifungu: ukiyatia maneno humo, hushuka mstari mpya na kusimama peke yao, kama nyumba yenye ua wake. Kuna pia alama za ndani ya sentensi: hizo hulikoza neno wino tu, nalo hubaki palepale kati ya wenzake. Asiyezitofautisha ni kama mwashi asiyejua ukuta ni upi na rangi ni ipi.

Na mwashi huyo alikuwepo, meza ya pili. Alikuwa mpangaji wa kurasa, mtu mzima na wajihi wake, wakimwita Fasta kwa kuwa kila kitu kwake kilipakuliwa kabla hakijaiva.

Safari hii Fasta alitaka onyo lionekane. Nia njema. Lakini badala ya kulikoza wino, alitia alama ya kifungu katikati ya sentensi, nacho kifungu kikaruka chini kama desturi yake, kikaangukia ukurasa mwingine. Mwisho wa ukurasa ukasomeka: "Kaza mkanda. Ni marufuku". Ukurasa uliofuata ukaanza kwa herufi nene, na namba juu, kama hatua nyingine ya kazi: "Kufungua kifuniko mashine ikizunguka."

Mama Mstari alisoma mara mbili. Kaka yake alikuwa msagaji, mtu wa kutii kilichoandikwa neno kwa neno. Kwa mawazo aliuona mkono wa kaka huyo ukienda kwenye kifuniko.

Asubuhi alimweleza Fasta kwa upole. Fasta akacheka, akamuuliza kama wateja wao wanasaga nafaka au wanasaga vitabu. Alipobanwa, aliondoa alama zote za kifungu. Sasa hakuna onyo lililokatwa, ila yote yalizama katika aya ndefu; la umeme lilijibanza kati ya rangi ya mashine na anwani ya duka. Mama Mstari akamrudishia. Fasta naye akarudisha yote kama yalivyokuwa mwanzo.

"Chagua moja, dada. Maonyo yaonekane, au yasikatike."

"Sentensi nzima iwe kifungu, kuanzia 'Ni marufuku'. Usiingize kifungu ndani ya sentensi."

"Mbona unanitesa kwa mapambo?"

Neno hilo lilimchoma. Ndivyo walivyo wazembe: uovyo wao huuita mambo madogo, na anayewaonyesha humwita msumbufu.

Akaenda kwa mkuu wa idara. Mkuu, simu sikioni, alimwambia mchapaji anangoja; atie saini, watarekebisha toleo lijalo. Alikataa.

"Saini yangu inasema nimesoma na nimeridhika. Nimesoma. Sijaridhika."

Mkuu akachomoa kalamu, akasema ataweka yake.

"Basi soma kwanza, mzee. Litakuwa jina lako."

Akasoma kwa sauti, makusudi, ili amwaibishe. Akafika "Ni marufuku". Akafunua ukurasa. "Kufungua kifuniko mashine ikizunguka." Akarudi nyuma, akasoma tena bila sauti, kisha akaifunga kalamu.

Alimwambia mchapaji asubiri hadi kesho. Halafu akamgeukia Mama Mstari kwa uso wa mtu aliyeonewa.

"Sasa dada, jambo zito kama hili, si ungesema mapema?"

Mama Mstari alizichukua kurasa, akaenda nazo hadi meza ya pili. Fasta alikuwa ameshatoka kwenda kula. Akakivuta kiti cha Fasta, akaanza kuyaunga maonyo yaliyokatwa, moja baada ya jingine, kila moja kifungu chake, akigonga vibonye kama anayepasua kuni.