Kiti cha Kushoto

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tulipotoka misa tukakuta jeep mbili za fahari zimeziba mlango wa nyumba yetu pale Kadutu. Moja nyeusi, moja nyeupe, na mwenyewe alikuwa mmoja: Serge, kijana aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Mwenga, na aliyekuwa amekwisha kuja kuniposa. Alining'inizia funguo mbili mbele ya macho, akasema, "Chagua moja, chérie, mpenzi wangu. Ile utapenda, tukiisha kuoana, itakuwa ya kwako."

Jana uliponitumia kwenye simu zile picha za jeep mbili, ukaniandikia uzuri wa kila moja na kuniuliza mchumba wako anunue ipi kabla ya harusi, niliziona zile funguo tena. Ndiyo maana sikukujibu upesi. Usinune. Mama yako ana shaka na kila kitu kinachong'aa, na shaka hiyo niliirithi kwa mtu ambaye hukumuwahi, Tante Régine, dada ya baba yangu.

Siku ile mtaa mzima uligeuka mafundi wa magari. Ile nyeusi ilikuwa ya Ulaya, usukani wake upande wa kushoto, kama magari ya huku kwetu yanavyotakiwa kuwa. Ndani yake palikuwa kimya hata kelele za Kadutu ulizisikia kama ziko ng'ambo ya mto Ruzizi. Viti vya ngozi, kiyoyozi, na mashimo ya barabara unayasikia kwa mbali tu, kama habari za watu wengine. Mama yangu aliketi humo akakataa kushuka. Lakini kaka yangu alisema taa moja tu ya hitilafu ikiwaka pale mbele ya dereva, hakuna fundi mjini atakayethubutu kuifungua gari hiyo, na vipuri mpaka vije kwa ndege.

Ile nyeupe ilikuwa ya Kijapani, imepitia Dar es Salaam, usukani wake kuume. Ilikuwa ngumu kama benchi la shule, inakunywa mafuta bila haya, na ili bibi kizee yeyote aipande ilibidi asukumwe kwa nyuma. Lakini ilikuwa inakwenda Mwenga wakati wa mvua na kurudi, na vipuri vyake viliuzwa sokoni karibu na mchele. Baba akasema nyeupe. Mama akasema nyeusi. Mimi, nikuambie kweli, nilitaka nyeusi, tena nilikwisha kujiona nikishuka humo mbele ya kanisa, wenzangu wote wakitazama.

Tante Régine peke yake ndiye ambaye hakutaka hata moja. Ile nyeusi ilikuwa na ujanja wa kujishusha ili mtu apande bila taabu. Ilipofanya hivyo mbele yake, alirudi nyuma.

"Gari inakupigia magoti kabla uiombe kitu," akasema, "hiyo iko na kitu inatafuta."

Vioo vyeusi navyo hakuvipenda. Alisema aliye ndani anakuona nawe humwoni, sasa huyo anaficha nini? Tulimcheka sana. Serge naye alicheka, akasema basi twende tukazijaribu zote mbili kwenye barabara ya Nyangezi, ili tante aridhike.

Katika ile nyeusi tulikwenda na kurudi kama tuliolala. Serge aliyapita magari mengine alivyotaka, hakumuuliza mtu, kwa sababu alikaa upande unaoona. Tante aliitazama tu barabara njia nzima. Nikafikiri ameshindwa.

Kisha tukapanda nyeupe. Unajua sisi tunaendesha kuume kwa barabara. Sasa dereva mwenye usukani wa kuume, akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja mbele. Anayeona ni yule aliyeketi kushoto kwake. Huyo ndiye anayemwambia "pita" au "ngoja", na bila yeye dereva ni kipofu. Tante aliomba akae hapo. Mimi nikakaa nyuma yake.

Kabla ya kufika Nyangezi tukanaswa nyuma ya lori la matofali lililokuwa likipanda polepole na kututupia vumbi.

"Tante, njia iko je?" Serge akauliza.

"Ngoja."

Nikachungulia begani kwa tante. Barabara ilikuwa tupu, hata mbuzi hakuna. Nilishangaa, nikarudi kitini.

"Na sasa?"

"Ngoja, mutoto yangu."

Serge alisonya. Akakata usukani, akakanyaga mafuta, tukalipita lile lori kwa kasi hata nikashika kiti kwa mikono miwili. Mbele hapakuwa na kitu. Akacheka kwa nguvu, akamgeukia tante. "Unaona? Njia ilikuwa wazi! Weye uko muoga bure!"

"Ilikuwa wazi," tante akajibu. "Nilikuwa naiona. Weye ulikuwa unaona nini?"

Serge akarudisha uso barabarani. Nilikitazama kisogo cha yule mtu niliyetaka kuolewa naye, na hofu ikaniingia. Alipokata usukani hakujua kama tutafika upande wa pili. Alikuwa ameambiwa mara mbili na mtu aliyekuwa macho yake, naye akaona heri atuue sote kuliko kumngoja mwanamke.

"Simamisha, nishuke," tante akasema. Nami nikashuka.

Serge alitupigia kelele kwamba tutajuta, akaondoka. Tulitembea mpaka tukapata pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, na njia nzima nililia. Niliililia ile jeep nyeusi, mwanangu. Yule mtu sikumlilia.

Baba yako nilimpata baadaye, na kagari kake kadogo, usukani kuume. Siku ya kwanza alinipeleka kijiji cha Miti kwa dada yake. Nyuma ya lori la makaa akaniuliza njia ikoje. Ilikuwa wazi. Nikasema ngoja, akangoja. Akauliza tena, nikasema ngoja. Tulilifuata lile lori mpaka Miti, tumekuwa weusi kwa moshi, wala hakununa. Hadi leo hajui kwa nini. Usimwambie.

Basi jibu langu ni hili. Jeep ya starehe ina uzuri wake, na ya nguvu ina uzuri wake. Hayo umeyaandika vizuri, sina la kuongeza. Lakini mchumba wako anatabasamu mno mbele yangu, na mimi hilo sijalielewa bado. Kabla hajanunua, mwombe aazime gari lolote la usukani wa kuume, hata bovu, mwende Nyangezi. Keti kushoto. Njia ikiwa wazi kabisa, sema ngoja. Akikungoja, na anunue anayotaka, nami nitapanda hata ikinipigia magoti. Asipokungoja, shuka, hata kama viti ni vya ngozi.

Mungu akupe macho ya Tante Régine, mwanangu, na akupe mtu wa kuyaamini. Barabara yako iwe wazi siku zote, na siku utakayosema ngoja, awepo wa kungoja.