Kisanduku cha Umeme Tulichokifuata Kabambare

Baba mkwe wangu alifika kwangu Kasongo na amplifikateri yake, mashine ya kukuza sauti, juu ya baiskeli, ameifunga kwa kitenge cha marehemu mama mkwe. Ilikuwa ya zamani, ya taa za kioo, zile zinazowaka ndani kama makaa. Ujanani alipiga nayo muziki kwenye arusi.

"Iko kimya tu," aliniambia. "Fundi njo wewe. Iamshe."

Mimi hutengeneza redio na simu. Kwa kazi hiyo kisanduku changu cha umeme kinatosha: unazungusha kitufe, kinakupa volti unazotaka, mwisho thelathini. Lakini taa za kioo zina njaa nyingine. Zinataka umeme mdogo wa kuzipasha moto, na mwingine mkali, volti mia tatu hivi, ndipo sauti itoke. Tena huo mkali hupandishwa polepole, la sivyo vipande vilivyolala miaka mingi hupasuka.

Tukaenda sokoni kwa mwuza vifaa. Baba mkwe akapenda kisanduku kipya chenye namba za kumetameta.

"Hii iko muzuri! Angalia inavyong'aa."

"Papa, hii mwisho wake volti sitini. Amplifikateri yako haitashtuka hata kidogo."

Akakirudisha shingo upande. Mwuzaji akacheka, akatuambia kuna mjane Kabambare ambaye mumewe alikuwa fundi wa redio, na kisanduku chake bado kipo.

Tukapanda pikipiki. Njia ilikuwa matope matupu. Kila tuliposhuka kusukuma, mzee alicheka kuliko dereva.

Mjane alitutolea kisanduku kizito cha chuma, amekifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Hakikuwa na namba za kumetameta, mishale miwili tu nyuma ya kioo.

"Wengi walitaka kukipasua juu ya shaba iko ndani," alisema. "Nikakataa."

Jirani akawasha jenereta yake, nami nikakijaribu. Nilizungusha kitufe, mshale ukapanda taratibu hadi mia tatu na kupita, bila kutetemeka. Nilipima kwa mkono wa kulia. Wa kushoto niliuweka mgongoni, kama nifanyavyo siku zote, umeme usije ukapita kifuani. Mama yule akautazama mkono ule.

"Bwana yangu pia alifanya hivyo," akasema. "Siku ya kwanza nilimuuliza kama mugongo inamuuma." Akacheka, akajifuta macho. "Beba, mutoto wangu."

Alichoomba ni redio yake tu itengenezwe. Niliitengeneza pale pale, barazani, huku yeye na baba mkwe wakisimuliana habari za arusi za zamani.

Nyumbani nilibadilisha kipande kimoja kilichovimba, nikaanza kupandisha umeme kidogo kidogo. Baba mkwe alikaa karibu, mikono katikati ya magoti. Taa zikawaka. Ukatoka mngurumo, kisha ukatulia. Akachukua kipaza sauti alichokuja nacho, akakohoa, na kikohozi kikajaa uwanja mzima.

"Binti yangu," alimwita mke wangu aliyekuwa jikoni, "uko unanisikia?"

"Papa, mutaa muzima iko inakusikia!"

Mzee akanigeukia, uso umemlegea kwa furaha. Halafu akakirudisha kipaza sauti mdomoni.

"Basi lete chai," akasema, "na ya fundi utie sukari mingi."