Doa la Altareni

Waumini walimbandika jina la Mama Pepe, kwa sababu vitambaa vya altare vilivyopita mikononi mwake vilirudi vyeupe pe pe pe. Yeye alijidai kuuchukia utani huo. Uongo mtupu! Kila Jumapili alikaa benchi la mbele, kichwa juu, akikitazama kitambaa chake zaidi kuliko alivyomtazama padri.

Siri ya weupe ule ilikuwa dawa ya madoa. Kila Jumamosi aliimimina kwenye beseni bila huruma, akaloweka, akasugua, kisha maji akayamwaga mtaroni nyuma ya nyumba. Mtaro uliteremka hadi bustani ya wifi yake, mjane aliyelea watoto kwa kuuza mchicha. Nao mchicha ulikuwa unanyauka, kila ukipandwa. Mama Pepe aliwalaani wadudu, akamwombea wifi kwa machozi.

Jumamosi moja, kitambaa kikiwa kambani, aliteremka kumsaidia wifi kumwagilia. Alipochota maji mtaroni, harufu ikampiga puani. Ilikuwa dawa yake mwenyewe. Ndoo ikamponyoka.

"Wifi, una nini?"

"Wadudu ni mimi," akasema Mama Pepe. "Nakuombea kanisani, nikirudi nyumbani nakuulia mboga."

Wifi alikuwa na haki ya kufoka, na akafoka kweli. "Mwaka mzima! Hivi Mungu anataka kitambaa kiwe cheupe, au anataka alivyoviumba viishi?"

Mama Pepe akarudi nyumbani. Dawa iliyobaki hakuimwaga, angeimwaga wapi? Akaikaza kifuniko, akaisukuma uvunguni.

Wiki iliyofuata alifua kwa sabuni kidogo na jua kali, na maji ya povu hakuyapeleka tena mtaroni. Divai ya misa iliyomwagikia kitambaa ikagoma kutoka. Doa likabaki katikati ya kitambaa, la waridi, upana wa kidole gumba.

Jumapili, minong'ono ikazunguka: Mama Pepe amezeeka, macho hayaoni tena. Aibu ilimchoma, tusidanganyane. Aliinamisha kichwa, akatamani kuhamia benchi la nyuma.

Wifi akaingia akiwa amechelewa, akajibana kando yake, udongo bado kwenye kucha.

"Wifi, doa lako linaonekana tangu mlangoni."

"Najua. Nimesugua mpaka vidole vimechubuka."

"Usiliguse tena," wifi akanong'ona, akamshika mkono. "Mbegu zimeota."