Anemoni wa Daktari wa Meno

Daktari wa meno ambaye mtaa mzima ulimwita Mng'ao aliamini kwamba kitu kikiwa cheupe, basi ni kizima. Kuta zake nyeupe, viatu vyeupe, gari jeupe. Mkewe alisema hata chai angeipausha kama angejua namna.

Alipoweka tangi la maji ya chumvi sebuleni, muuzaji alimletea samaki wawili wa rangi ya chungwa pamoja na anemoni, kiumbe wa baharini anayefanana na ua lenye minyiri mingi, ambamo samaki hao hujificha. Anemoni alikuwa wa kahawia. Mng'ao alimkodolea macho kana kwamba anamtazama mgonjwa asiyejua mswaki.

"Huyu mbona mchafu?"

Akabadili taa, akaweka zenye mwanga mkali kiasi kwamba wageni walikaa sebuleni wamekunja nyuso. Punde anemoni akaanza kupauka, mwisho akawa mweupe pepepe. Mng'ao kichwa kikavimba. Kliniki akawa hana hadithi nyingine: mgonjwa amelala kitini, mdomo umejaa pamba na vyuma, anasimuliwa anemoni. Angebisha vipi?

Mkewe hakupendezwa. Akampigia simu muuzaji, kisha akamfuata mumewe.

"Mume wangu, ile kahawia ndiyo afya yake. Ana vijimea vidogo mwilini vinavyomlisha kwa mwanga. Hizo taa zako zimevifukuza. Huyo anakufa njaa."

"Yule ni muuzaji. Mimi ni daktari."

"Wa meno. Huyu ana meno?"

Mng'ao akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha tangi.

"Na mdomo wake mbona uko wazi tangu juzi, haufungi?"

"Anatabasamu."

Hivyo ndivyo alivyosema mtu anayekula kwa kuchungulia midomo ya watu.

Jumapili akamwalika mama mkwe, mwanamke ambaye tangu siku ya harusi hajaona cha kumsifia mkwewe. Safari hii, Mng'ao aliapa, atasifu. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilifunika tangi kwa kitambaa; mama alipofika, akamkalisha kiti cha mbele, akakivuta kitambaa kwa madaha.

Maji yalikuwa kama maziwa. Anemoni alikuwa amebanduka jiweni, akaelea mpaka pampu ya kuzungusha maji ikamvuta na kumsaga. Harufu ikatoka kama mgeni aliyechoka kusubiri mlangoni.

"Mkwe," mama akauliza, ameziba pua, "hii nayo inaliwa?"

Mng'ao akakimbilia chupa ya manukato, akapuliza huku na huku.

"Acha, baba," mama akamwambia. "La kuvunda halina ubani."

Mkewe hakungoja hotuba. Alikuwa na maji safi ya chumvi ya akiba. Akayamimina ndooni, akawanasa samaki kwa wavu mmoja baada ya mwingine, wote wawili wazima. Mumewe, mikono imelowa hadi viwikoni, alikuwa akiokota vipande na kuilaani pampu.

Tangi likasafishwa, likaachwa litulie, na swichi ya taa ikahamia mikononi mwa mke. Anemoni wa pili alikuja wa kahawia, akabaki wa kahawia, amenenepa, mdomo umefumbwa vizuri. Samaki wakahamia kwake.

Siku hizi Mng'ao huwaeleza wageni habari za vijimea kana kwamba alivigundua mwenyewe kati ya kung'oa jino na jino. Mkewe humwacha amalize. Mama mkwe ndiye hana subira.

"Mkwe," alimkatiza mara ya mwisho, "huyu naye unamuua lini?"