Rakaa ya Tatu

Ahimidiwe Mola aliyeifanya ardhi yote kuwa pahala pa kusujudia, aliyetutoa tulikozaliwa bila ya kututoa katika ulinzi wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyeshika njia yao kwa subira.

Wajukuu zangu huniuliza nyumba yetu ya kwanza huku Omani ilikuwa wapi. Nikiwaambia ilikuwa na magurudumu sita, hucheka. Wanadhani tulikuwa kama wageni wanaowaona siku hizi Al Mintirib, wanaoteremka na mahema na viti vya kukunja, wakakaa siku mbili mchangani, wakapiga picha, wakenda zao. Sisi hatukuwa na pa kwenda. Lile gari ndilo lililokuwa kwetu.

Tulikuja kutoka Unguja mwanzo wa miaka ya sabini, mimi na mume wangu na binti yetu wa pekee, bado ananyonya. Tulifikia Ibra kwa jamaa zake. Walitupokea kwa mikono miwili, Mungu awalipe, lakini nyumba ilikuwa imejaa watu waliorudi kama sisi, na chumba kimoja tulilala akina mama watatu na watoto wetu. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu na vitabu vya dini, kwa sababu ndicho nilichosomeshwa chuoni. Siku moja nilimwomba mwanamke wa nyumba chumvi, akamwita mwenziwe aliyekuwa kisimani.

"Njoo usikie. Anaomba chumvi kama yuko juu ya mimbari."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na mimi nikacheka nao. Sikujua la kufanya jingine.

Mume wangu alipata kazi ya ufundi katika kundi la kuchimba visima vijijini. Mtambo ukimaliza kisima hapa huhamishiwa kule, na mafundi huhama nao. Wenziwe walikuwa wanaume watupu, wakilala mahemani. Yeye hakutaka kutuacha. Nyuma ya ghala palikuwa na basi bovu lililokuwa likibeba wanafunzi, akaliomba, akapewa. Akalifufua injini, akang'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele na kile kirefu cha nyuma, ambacho ndicho kilichokuwa kitanda chetu. Juu ya paa akafunga tangi la maji. Mlangoni nikatundika kanga mbili ziwe pazia.

Asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukung'uta mchanga, kwenye godoro, kwenye sufuria, kwenye nywele za mtoto. Ya pili ilikuwa kuteka maji kabla jua halijapanda, kwani ikifika saa nne maji ya paani yalikuwa hayagusiki, huwezi kuyatilia udhu. Wakati wa kiangazi bati lile lilikuwa tanuri. Tukishinda chini yake, juu ya mkeka, baina ya magurudumu. Binti yetu, ambaye hakuwahi kuijua nyumba nyingine, akipaita pale ukumbini. "Mama, twende ukumbini, huku kunaunguza." Kila tulipohama nilivifunga vikombe na sahani ndani ya blanketi, nikalikalia mimi mwenyewe njia nzima, na juu ya hayo hakuna safari ambayo hakikuvunjika kitu.

Gari lilikuwa jembamba, pa kusalia ni ile njia ya katikati tu. Kwa hivyo mume wangu hakuliegesha ila kwa kulielekeza kichwa kibla. Alikuwa akirudi nyuma, akienda mbele, akishuka kutazama jua, akipanda tena, na wenziwe wakimtania.

"Fundi, unaegesha gari au unajenga msikiti?"

"Vyote viwili," akiwajibu.

Basi tulisali humo kwa safu, yeye mbele, mimi nyuma yake, mtoto nyuma yangu akicheza na pindo la kanga yangu.

Wanawake wa kila kijiji walikuja kunitazama. Walipanda na tende zao na birika la kahawa, kwa sababu mgeni ni mimi hata kama nyumba ni yangu, wakakaa juu ya godoro wakigusa vioo na usukani. Mmoja wa Al Mintirib aliniuliza, "Ukigombana na mumeo unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Namwambia ashuke."

"Na akikataa?"

"Namwambia basi endesha, maana akiendesha hawezi kuniangalia."

Maneno yale yalinitangulia. Nilifika vijiji ambavyo sikupata kuvikanyaga, nikakuta yameshafika.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila ya hilo sitafahamika. Msafiri hupunguza sala. Adhuhuri, alasiri na isha, kila moja badala ya rakaa nne huwa mbili. Na kwa tulivyosomeshwa sisi, mtu hubaki msafiri maadamu hajatia nia ya kupafanya pahala kuwa watani yake, yaani kwao, hata akikaa hapo miaka. Mke humfuata mumewe. Watani ya mume ndiyo ya mke.

Mume wangu watani yake ilikuwa Unguja. Mama yake alikataa kuja nasi. Siku ya kuondoka alikaa kizingitini akamwambia, "Mimi nitakaa hapa niiweke nyumba. Wewe rudi." Naye akamjibu, "Narudi, mama." Kwa neno lile, sisi katika gari letu tulisali mbili mbili, mwaka baada ya mwaka. Sikuliona kuwa ni zito mpaka binti yetu alipojua kusali. Tulikwenda Ibra siku za Idi. Adhuhuri akasimama pembeni mwa wanawake wa nyumba. Wao walipoinuka kwa rakaa ya tatu, yeye alikwisha kutoa salamu na yuko mlangoni na mapera mkononi.

"Huyu mtoto anamwibia Mungu," shangazi mmoja akasema, akicheka.

Binti yangu akamjibu kwa adabu, kama alivyofunzwa, "Siibi, bibi. Sisi tumo safarini."

Alikuwa na miaka mitano, na tangu apate akili hakuwa na siku moja ambayo hakuwa safarini.

Nilimwomba mume wangu aweke watani Ibra, kwa jamaa zake. Alinitazama kwa upole akasema, "Mama yangu yupo kizingitini."

Tulikuwa Al Kamil mtambo ulipokwama kwenye mwamba, tukakaa zaidi kuliko kawaida. Surua ilipita kijijini ikawaacha watoto wengi salama, ikaingia kwetu. Siku mbili nilidhani inapungua. Ya tatu pumzi zikawa fupi. Mume wangu akafunga milango, hakungoja nifunge vikombe, akawasha gari tumpeleke hospitali Sur. Mawingu yalikuwa juu ya milima tangu asubuhi. Tulipofika wadini, lile bonde kavu tulilokuwa tukilivuka kila siku lilikuwa limeshuka maji mekundu, yakiviringisha mawe na magogo ya mitende. Malori mawili yalikuwa yamesimama. Dereva mmoja, mzee wa Sur, alikuja dirishani kwetu, akamtazama mtoto, akavua kilemba akakitia maji akanipa nimkande.

"Subira, mama," akaniambia. "Maji ya wadi hayana urafiki."

Nyumba ile iliyokuwa haitulii, siku tuliyoihitaji iende haikuweza kwenda. Alikufa kabla ya magharibi, juu ya kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa kwenye paja langu. Sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Wanawake wa Al Kamil ambao hawakunijua hata mwezi walimwosha pamoja nami. Sanda ilitoka katika sanduku la mmoja wao, alikuwa amejiwekea mwenyewe. Wanaume wakamzika kwenye makaburi yaliyo nyuma ya mitende, penye miti ya ghafu. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, bila ya jina, kama ilivyo desturi ya huku. Siku za tanzia zilipokwisha, mtambo ulikuwa umeshautoboa mwamba, maji yametoka, na kijiji kinasherehekea. Kundi likapewa amri ya kuhama.

Nikamwambia mume wangu, "Weka watani hapa."

"Hapa tuna nini?"

"Tuna kaburi."

"Mke wangu, watu hawaweki watani kwa kaburi."

"Watu huiweka kwa mitende mitatu na zamu ya maji ya mfereji wa falaji. Mimi nina mtoto hapa. Atalala peke yake baina ya watu asiowajua, na wazee wake wakipita wanapita kama wasafiri."

Alikuwa akifunga kamba ya tangi. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. "Nikitia nia ya hapa, nimemwambia mama yangu sirudi. Yeye bado anangoja. Nitamwambiaje mtu anayengoja?"

Nilijua kwa masomo yangu kwamba mtu aweza kuwa na watani mbili. Nilimwambia. Alisema, "Najua. Moyo wangu ndio haujui." Akapanda akaliwasha gari. Nilivifunga vikombe vilivyosalia.

Miaka iliyofuata nitaisema kwa ufupi, kwa sababu haikuwa na mengi. Tulikaa Sur, tukapanda Nizwa, tukazunguka vijiji vya chini ya mlima. Bati likaota kutu, kanga za mlangoni zikachanika nikatundika nyingine. Hatukugombana. Aliniletea maji, nilimpikia, tulisali. Lakini kila adhuhuri, alipotoa salamu baada ya rakaa mbili, nilijiona nafunga tena vikombe katika blanketi na kumwacha mtoto wangu. Nilimwomba Mungu katika kila sijida autulize moyo wa mume wangu tupate pa kusimama. Sikuomba nyumba wala bustani. Niliomba rakaa mbili zilizobaki.

Tulikuwa Tanuf, karibu na magofu, alipokuja jamaa yake mmoja aliyetoka Unguja kupitia Dubai. Alikaa ukumbini, chini ya gari, akanywa kahawa kikombe baada ya kikombe, akasimulia habari za watu wote, na tukajua kwamba iko habari anayoizunguka. Mwisho mume wangu akamtua mzigo ule.

"Sema tu, ndugu yangu."

"Mama alitutoka kabla ya Ramadhani. Alikwenda vizuri. Shahada mdomoni."

Mume wangu aliuliza jambo moja tu. "Nani aliyeingia kaburini kumpokea?"

"Jirani. Yule wa nyumba ya mkabala."

"Jirani," akasema mume wangu. Akakigeuza kikombe chake juu ya sahani.

Asubuhi alikwenda kuomba ruhusa. Aliporudi alianza kukaza kamba ya tangi, nami nikafunga vyombo. Tulipita Ibra bila ya kusimama kuwaamkia wazee, jambo ambalo hatukupata kulifanya. Tulilala njiani, na siku ya pili, jua likiwa juu, tukaingia Al Kamil. Alilipeleka gari mpaka penye miti ya ghafu, nje ya makaburi. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akashuka akatazama jua. Nilikuwa naye, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumtania.

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Tulitawadha, akakimu, akasimama mbele, nami nyuma. Nyuma yangu hapakuwa na mtu wa kuchezea pindo la kanga. Tulisali rakaa mbili, tukakaa kwa tahiyatu. Nikingoja salamu, nikamwona anainuka.

Nilidhani msiba umemsahaulisha. Mwanamke imamu wake akikosea hampigii kelele, hupiga kofi la mkono juu ya mkono kumkumbusha. Mikono yangu ilikuwa imeshainuka. Kisha nikautazama mgongo wake. Alikuwa amesimama sawasawa, hakuyumba, kama mtu ajuaye alipo. Mikono ikashuka yenyewe. Nikainuka nikamfuata.

Tukasali ya tatu. Tukasali ya nne. Alipotoa salamu hakugeuka.

"Kule hakuna tena anayeningoja," akasema. "Hapa yuko mmoja."

Nilitaka kushukuru, na nilishukuru, lakini machozi niliyoyatoa hayakuwa ya furaha. Miaka yote ile niliomba, na sikuwa nimefikiri kwamba dua yangu ilikuwa imesimama nyuma ya uhai wa mwanamke mwingine. Maadamu yeye yuko kizingitini, mimi nisingepata rakaa zangu. Sikumwombea mauti, Mungu anajua. Lakini nilichopewa nilipewa baada ya yeye kuzikwa na jirani. Nililia kwa ajili yake, mama wa watu, ambaye alizaa kijana akakosa wa kumpokea kaburini, kama mimi nilivyozaa nikamwacha wangu kwa wageni.

Gari lile halikutoka tena. Mume wangu aliliondoa magurudumu akaliweka juu ya mawe, akafungua kazi ya ufundi kando ya njia ya Sur. Humo tulikaa miaka mingine mingi, na humo Mungu akatupa mtoto wa kiume, baba wa hawa wanaonicheka. Nyumba ya matofali ilikuja baadaye. Mume wangu sasa yuko karibu na binti yake, na mwanawe ndiye aliyeingia kumpokea. Mimi nangoja zamu yangu, nikisali nne.

Nawe uliyefika nami mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akurehemu wewe na wazee wako, walio hai na waliolala mbali nawe. Akujaalie mkono wa mtu wako siku ya kushushwa kwako, na akikutia safarini, asikutie bila ya kukuonyesha pa kufikia. Amin.