Siku Niliyowapigia Wakwe Goti Juu ya Upupu

Nikisimulia hili naficha uso kwa kanga, na mimi ni bibi wa wajukuu kumi na wawili, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa jirani yangu Mama Neema, maana yeye huongeza chumvi.

Huyo Mama Neema ndiye aliyeniletea miche kutoka kwao Arusha, majani ya kuwasha ambayo kwao ni mboga na dawa, ukiyachemsha hayawashi tena, unayaunga kwa karanga, na yakiwa mabichi unajipigapiga nayo kwenye goti linalouma (linaungua kwanza, halafu linalegea). Nikapanda nyuma ya jiko hapa Tinde. Majirani wakayaita upupu, na mnajua huku kwetu, ukisikika unapanda upupu watu wanajiuliza unataka kumrushia nani.

Basi siku ile wakwe walikuwa wanakuja kutoka Segese kumposa mjukuu wangu Kabula, walisema saa nane, wakatokea saa nne! Mimi nimeyamwaga majani sebuleni ndiyo kwanza nayachambua kwa kijiti, nikasema wakiyaona watadhani binti anatoka nyumba ya wachawi, nikayafunika kanga pale pale chini. Kanga tu. Angalieni akili hiyo.

Wakaingia Mzee Luhende, baba wa kijana, na Masunga mdogo wake, na dada yao Ngolo, na Mzee Luhende akachagua kiti kilichoelekea ile kanga. Mkwe ni mkwe hata uwe na mvi, nikapiga goti, na viganja nikaweka chini. Juu ya kanga.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka, baba."

Na salamu yetu Wasukuma haina haraka, akauliza ukoo, akauliza ng'ombe, akauliza mvua, nami magoti yanawaka, viganja vinawaka, kuinuka kabla hajamaliza siwezi, machozi yakaanza kutiririka yenyewe.

Mzee akakatiza salamu. "Mayu, unalia? Kama hamtutaki semeni tu, tugeuze."

Masunga akachukua kofia yake. Kabula aliyekuwa anachungulia mlangoni akashika kichwa, maana yule kijana wao, Shija, anampenda kweli.

Nikapiga kelele, "Baba, siwakatai! Ninawashwa!"

Bibi mzima. Mbele ya wakwe. Ngolo akaziba mdomo, Masunga akatazama dari, nikaona nazidi kuharibu, nikaifunua kanga. "Ni haya majani, jamani!"

Mzee Luhende akainama akashika jani moja (nilimkataza), akaruka kama ndama, halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Kumbe mayu anawashwa kweli!"

Wakabaki. Nikawapikia yale yale kwa karanga na ugali, Ngolo akafungiwa miche kwenye gazeti, na posa ikapokelewa.

Sasa Kabula yuko Segese, na kule mimi naitwa Bibi Anayewashwa, hata Mzee Luhende akipiga simu anaulizia magoti kwanza, ng'ombe baadaye. Goti nitaendelea kumpigia, ni mkwe wangu, ila nimeapa silipeleki tena chini kabla sijapapasa.